Vipindi Kumi na Vinane

Mwanangu hakufukuzwa kazi. Hakukamatwa na vyeti vya bandia, hakuibiwa akili na mtu, wala hana mwanamume anayekwenda kuonana naye Jumanne na Alhamisi asubuhi akiwa amevaa raba ili apate kukimbia. Haya yote nimeyasikia, mengine kwa masikio yangu mwenyewe, nikiwa nimekaa kwa mshonaji nasubiri gauni langu lipunguzwe mikono, na wasemaji wako upande wa pili wa pazia wakijua fika kwamba nipo. Raba ni kweli alizivaa. Hayo mengine ni ya kutunga, na walioyatunga hawakuwa hata na adabu ya kuyatunga vizuri.

Naandika kwa sababu marehemu mume wangu alikuwa mkaguzi wa shule kwa miaka ishirini na sita, nami nilifundisha lugha kwa miaka thelathini na moja, na katika muda wote huo jina letu lilitajwa kwa heshima au halikutajwa. Sasa linatafunwa kama muwa. Basi nitasema yaliyotokea, pamoja na yale yasiyonipamba, kwa kuwa kosa kubwa katika habari hii ni langu, na sitaki mwanangu alibebe.

Mwanangu anafundisha hisabati katika shule ya sekondari iliyo ng'ambo ya barabara kuu, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka kwetu. Wanafunzi wanamwita Madamu Pembetatu, kwa kuwa siku ya kwanza alichora pembetatu ubaoni bila rula, ikatoka kama iliyopigwa chapa. Jina hilo halinipendezi, lakini nimeambiwa limetoka kwa mapenzi. Alikuwa na vipindi thelathini kwa wiki, vingi vya asubuhi, maana hisabati hufundishwa asubuhi, vichwa vikiwa bado havijachoka. Marehemu baba yake aliiamini sana kanuni hiyo. Aliiandika katika ripoti zake zote. Zaidi ya hapo alikuwa na darasa la mtihani. Kila shule ina mwalimu mmoja wa hisabati anayekabidhiwa darasa la mtihani, na huyo hutembea tofauti na wenzake. Mwanangu alitembea hivyo kwa miaka saba.

Nyumbani tuko watatu: mimi, yeye na binti yake. Mkwe wangu ni fundi wa mitambo, kazi yake iko mbali, huja siku nne kila mwezi na kuzilala mbili. Ni mtu mwema. Hana makosa katika habari hii wala hana msaada.

Mjukuu wangu alikuwa na miaka minne na nusu na hakuwa amesema neno hata moja.

Nimeiandika sentensi hiyo kwa mkono wangu, na mtu asidhani imenitoka kwa urahisi. Masikio yake ni mazima. Ukifungua pakiti ya biskuti chumba cha tatu, yuko mlangoni kabla hujaitoa ya kwanza. Akitaka kitu hukushika kidole na kukupeleka kilipo. Akifurahi huvuma mdomo umefungwa, kama jokofu. Na mimi, niliyewafundisha watoto wa watu kusema na kuandika, nilikariri mwaka mzima: "Atasema tu. Katika ukoo huu hakuna bubu." Mwaka ule mwanangu alinisikiliza. Mwaka uliofuata hakunisikiliza, akampeleka mtoto hospitali.

Huko yuko mtaalamu wa matamshi mmoja tu kwa mji mzima. Huwaona watoto wa umri ule Jumanne na Alhamisi, saa mbili hadi saa nne asubuhi, na mzazi sharti awepo, kwa kuwa mazoezi yanaendelea nyumbani siku zote. Mlangoni pake pamebandikwa karatasi: mzazi asipofika mara mbili mfululizo, nafasi inakwenda kwa anayefuata. Na wanaofuata walikuwa arobaini na kitu.

Hapo ndipo raba zilipoingia. Mwezi wa kwanza wa kliniki mwanangu hakuomba ruhusa kwa mtu. Alibadilishana vipindi na wenzake, hiki kwa kile, cha Jumanne kwa cha Ijumaa, mpaka akawa anadaiwa vipindi na nusu ya chumba cha walimu. Asubuhi ilikuwa vurugu. Kijiko cha uji mkono mmoja, saa mkono mwingine, funguo mdomoni. Alikula amesimama. Alisahihisha madaftari kwenye benchi la hospitali, akarudi na rundo la darasa jingine. Hata alipokaa jioni, goti lake halikukaa. Meza yote ilitikisika, vikombe vikagongana, nikamwambia, "Mama, tuliza mguu," akautuliza, ukaanza wa pili. Nami usiku nilimsikia akihesabu usingizini, sijui dakika au madeni ya vipindi.

Alhamisi moja alichelewa darasa la mtihani kwa dakika kumi na saba. Alipofika, jasho linamtoka, alimkuta mwalimu mkuu mwenyewe amesimama ubaoni, chaki mkononi, amekwama katikati ya hesabu na watoto arobaini wanamtazama kwa huruma.

"Madamu," alimwambia, "mimi nilisomea historia. Niandikie barua. Sema unachotaka kwa maandishi, nione la kufanya."

Barua yake ilikuwa na mistari sita. Niliikuta mezani jioni, nikaisoma, nikavaa miwani, nikaisoma tena. Mwanangu huandika kama anayetoa jibu la hesabu: tumepewa hiki, tunatafuta kile, basi. Aliandika kwamba mtoto wake ana miaka minne na nusu na bado hajasema neno. Kwamba mtaalamu anamwona Jumanne na Alhamisi asubuhi, na mama lazima awepo, na asubuhi nyingine ni za mazoezi nyumbani. Kwamba anaomba vipindi vyake vipunguzwe kutoka thelathini hadi kumi na vinane, vyote viwe baada ya mapumziko ya saa nne na nusu, na mshahara upunguzwe kwa kiasi hicho hicho. Wako, sahihi.

Nikachukua kalamu nyekundu. Ni mkono uliozoea, haukuniomba ruhusa.

"Mama, unafanya nini?"

"Nasahihisha. Hukuweka salamu."

"Salamu ipo hapo juu."

"Hiyo ni salamu ya kumwandikia muuza mkaa."

Akacheka kidogo, akaendelea kumkunjia mtoto nguo za kulalia. Nilipofika kwenye mstari wa mtoto nilipiga mstari juu yake, ulionyooka, wenye nguvu, mpaka karatasi ikachanika kidogo. Akaona.

"Hapo napo kuna kosa gani?"

"Barua hii ataisoma mwalimu mkuu, halafu karani, halafu bodi, halafu mke wa karani. Unataka mwanao afike darasa la kwanza akiwa ameshapewa jina?"

"Basi niandike nini?"

"Andika mimi naumwa."

"Unaumwa nini?"

"Presha."

"Mama, mara ya mwisho ulipopimwa presha daktari alisema wewe utatuzika sote."

"Daktari yule anapenda kuwafurahisha watu. Andika presha. Mama mgonjwa si aibu. Kila mtu ana mama, na kila mama ataugua siku moja. Unanipeleka hospitali Jumanne na Alhamisi asubuhi. Hospitali ni ile ile, saa ni zile zile. Umebadilisha mgonjwa tu."

"Huo ni uongo."

"Ni uungwana."

Alisimama katikati ya chumba na suruali ndogo ya mtoto mkononi. Alikuwa ameamka saa kumi na nusu alfajiri. Alikuwa na madaftari themanini ya kusahihisha. Nilijua amechoka, na nilitumia uchovu wake. Hilo nalo liandikwe. Akanitazama, kisha akasema, "Haya, nipe ninakili," akaketi akanakili neno kwa neno ukurasa mzima na nusu niliomwandikia, wenye "kwa unyenyekevu mkubwa" na "afya ya mama yangu mzazi ambayo imekuwa ikidhoofika siku hata siku." Ilikuwa barua nzuri. Niliisoma kwa sauti mara mbili.

Mwalimu mkuu akampa ruhusa ya wiki tatu, kazi za asubuhi mbili zile zifanywe na wengine wakati bodi inalitazama ombi. Kwa wiki mbili nyumba ilipumua. Hata goti lilitulia. Nilijipongeza.

Nilisahau jambo moja, mimi niliyekaa katika chumba cha walimu miaka thelathini na moja, na nikawa wa kwanza kutia mkono kila mara bahasha ya mchango ilipopitishwa. Walimu hawasikii kwamba mama wa mwenzao anaumwa wakaishia kusema pole. Walimu huchanga. Na wakishachanga, huja.

Walikuja Ijumaa saa kumi jioni, walimu sita, ndani ya gari la shule, na sukari, mchele, matunda na kadi iliyosainiwa na wafanyakazi wote. Siku hiyo seremala alikuwa amekuja kutengeneza mlango wa chumba cha kulia, akaufunga upande usiofaa, ukawa unafungukia ukutani. Nilikuwa nimemwonyesha kwa maneno, hakuelewa. Kwa hiyo walimu walipobisha na kuingia, kwa sauti ya chini, taratibu, kama wanavyoingia watu nyumba yenye mgonjwa, walinikuta nimesimama juu ya meza, suruali ya marehemu miguuni, nyundo mkononi, nikisema kwa sauti ya kusikika barabarani:

"Fundi, bawaba hii umeifunga ukiwa umelala?"

Aliyetangulia alikuwa mwalimu wa taaluma, yule anayepanga ratiba, mtu mzima mwenye kitambi na mfuko wa machungwa kifuani. Alitazama nyundo. Alinitazama mimi. Akasema, "Tumekuja kumwona mgonjwa."

Kama ningekuwa na akili timamu ningesema hapo hapo, "Hakuna mgonjwa, karibuni chai, nina maneno ya kuwaambia." Badala yake nilishuka mezani nikashika kiuno.

"Poleni kwa safari," nikasema kwa sauti nyembamba ambayo sijui niliitoa wapi. "Leo nimepata nafuu kidogo."

"Tunaona," akasema mwalimu wa sayansi, kijana mmoja wa kike mwenye macho makali. "Kumbe ni presha, Mama? Ya kupanda au ya kushuka?"

"Inategemea."

Seremala akakohoa. Mwanangu alitoka chumba cha nyuma na kalamu sikioni, akawaona, akaniona, akaona nyundo bado mkononi mwangu. Sijawahi kuona uso ukifungwa vile. Aliwakaribisha viti, akaenda kuleta maji, akakaa huko kwa muda mrefu kuliko maji yanavyohitaji. Wakati huo mtoto alikuja akaanza kufungua zipu ya mkoba wa mwalimu wa sayansi, naye akamwinamia kwa upole.

"Mrembo, unaitwa nani?"

Mtoto akamtazama.

"Eti? Jina lako nani?"

"Ana haya," nikasema haraka. Na nikataja jina lake mimi, na umri wake mimi, na kwamba anapenda magari, yote kwa pumzi moja. Wageni wakanywa maji. Hakuna aliyemaliza glasi. Mwalimu wa taaluma aliniachia kadi mkononi, na mlango wa seremala, walipotoka, uligonga ukuta.

Mwanangu hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alichukua machungwa akayapanga kwenye bakuli, moja moja, akasema, "Watu wamechanga, Mama," akaenda kusahihisha.

Jumatatu ruhusa ilifutwa. Alipewa barua ya kumtaka ajieleze kwa maandishi ndani ya siku saba kwa nini asichukuliwe hatua kwa kutoa taarifa za uongo. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa na habari, kila nyumba na yake: hapa kuna mwanamume, pale kuna vyeti, kwa mshonaji kuna vyote viwili. Nilimwambia mwanangu, "Sema barua niliiandika mimi." Akasema, "Sahihi ni yangu." Nikamwambia, "Basi sema ukweli." Akaniuliza, "Upi sasa, ulioufuta kwa kalamu nyekundu?" Sikulala. Nilizunguka ndani ya nyumba kama ninayetafuta kitu. Nilifungua kabati, nikafunga. Nikaupanga upya ubao wa vyombo. Nikatoka nje, nikarudi.

Jumanne yeye alikuwa darasani kwa amri, nami nikampeleka mtoto hospitali.

Chumba cha mtaalamu ni kidogo, kina viti vya kitoto, kioo ukutani na kapu la vitu vya kuchezea. Mtaalamu mwenyewe ni mwanamke mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi, anasema polepole kiasi cha kumtia mtu wazimu. Alikaa chini mbele ya mtoto, akashika gari mkono huu na mpira mkono ule.

"Unataka gari, au mpira?"

"Gari," nikasema. "Anapenda magari."

Akaweka vyote chini. Akatoa picha ya paka. "Huyu ni nani?"

"Si ni paka huyo?" nikamwambia mtoto. "Mwambie, paka."

Mtaalamu akaigeuza picha. "Bibi, humu ndani nani ana miaka minne?"

Nilikaa wima. Mtu hajawahi kunisemesha hivyo tangu chuo.

"Nyumbani nani anamjibia?" akauliza.

"Hakuna anayemjibia. Tunamsaidia."

"Haya. Sasa nitamwuliza tena, na wewe utahesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kufungua mdomo. Hata akikutazama. Hata akikushika kidole."

Akauliza. Nikahesabu. Nilipofika nne vidole vyangu vya miguu vilikuwa vinacheza ndani ya viatu. Nilipofika sita nilikuwa nimeshika ukingo wa kiti. Mtoto hakuangalia gari wala mpira. Alinigeukia mimi, akatulia, kama mtu aliyekaa sebuleni akisubiri mwenyeji aje. Alikuwa ananisubiri niseme. Nilifika kumi, hakusema, lakini kwenye nane alinyoosha mkono mwenyewe akaligusa gari, bila kidole changu.

"Umeona?" akasema mtaalamu.

"Ni mimi niliyemfanya hivi?"

"Hapana. Angechelewa hata kama ungekuwa bubu. Lakini humsaidii kama unavyodhani." Akafungua daftari. "Mama yake yuko wapi?"

"Kazini. Kuna tatizo dogo."

"Naandika mzazi hakufika. Wewe njoo pia ukipenda, una mengi ya kujifunza, usikasirike. Lakini mazoezi namfundisha mama. Asipofika Alhamisi, nampa nafasi mtoto anayesubiri tangu mwaka jana. Naye ana bibi."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, mtoto mgongoni, na sikumbuki nilipita njia gani.

Jumatano mchana nilivaa gauni langu la kustaafia nikaenda shuleni. Mwalimu mkuu yule, zamani akiwa kijana, alikaguliwa na marehemu mume wangu, akaandikiwa kwamba anaupa ubao uso na wanafunzi mgongo. Aliponiona mlangoni alisimama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa."

Akakaa, ofisini kwake mwenyewe. Kisha akakumbuka yeye ni nani. "Umepona?" akauliza, bila kucheka.

"Sikuwa naumwa."

"Hilo kamati ya wagonjwa ilinieleza. Walisema ulikuwa juu ya meza na nyundo."

"Barua niliitunga mimi. Mwanangu alinakili tu."

"Najua." Akafungua faili. "Mwanao akitaka ruhusa ya siku nzima huniandikia mstari mmoja, na hausomeki. Humu kuna 'siku hata siku.' Nikasema, huyu ni Mama."

"Sasa ulijua, kwa nini umtake yeye ajieleze?"

"Kwa kuwa kila nikimwita ananijibu, 'Sahihi ni yangu.' Mwalimu, mimi nina bodi. Nina walimu sita waliotoa pesa zao kununulia machungwa mtu anayegongelea misumari. Siwezi kumpa mtu vipindi vichache kwa sababu nisiyoijua. Niambieni kuna nini."

Chumba cha pili karani aliacha kupiga chapa. Nilimwomba mwalimu mkuu afunge mlango. Akaufunga. Akarudi, akakaa, akanisubiri, nami nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa, nikaivua. Wazo lilinijia hata wakati ule, na aibu yake ninaiweka hapa: niliwaza ugonjwa mwingine wa kujipa, ulio bora kuliko presha.

"Mjukuu wangu hasemi," nikasema. "Ana miaka minne na nusu."

Hakusema pole. Aliuliza, "Kliniki ni siku gani?" na kwa hilo nimemsamehe historia yake.

Akamwita mwalimu wa taaluma, na akatuma mwanangu aitwe kutoka darasani. Ratiba ya shule iko ukutani pale ofisini, ubao mkubwa wenye vipande vya karatasi vya rangi vilivyobanwa kwa pini, kila mwalimu na rangi yake. Vya mwanangu ni vya buluu. Viliijaza asubuhi yote, Jumatatu mpaka Ijumaa.

Mwanangu aliingia na chaki kwenye mikono ya blauzi. Alimtazama mwalimu mkuu, akanitazama mimi na gauni langu, akajua.

"Ulikuwa mgonjwa bila kuniuliza," akaniambia mbele yao, "na sasa umepona bila kuniuliza."

Hakuwa amewahi kunisemesha hivyo mbele za watu, na alikuwa na haki yote.

Mwalimu mkuu alimwambia wazi. Darasa la mtihani lina hisabati asubuhi kila siku. Bodi inajua, wazazi wanajua, halihamishiki. Akitaka kumi na vinane baada ya mapumziko, atapata madarasa ya chini. Darasa la mtihani litakwenda kwa mwenzake, kijana aliyefika mwaka juzi. "Na ukishalitoa," akasema, "siahidi kulirudisha."

Nikasimama. Nilitaka kusema miaka saba. Nilitaka kusema kijana yule bado anachora duara kama yai.

"Mama," akasema mwanangu, "kaa."

Nikakaa.

"Usijibu sasa, Madamu," akasema mwalimu mkuu. "Fikiria mpaka kesho."

"Kesho ni Alhamisi. Kesho asubuhi sipo."

Mwanangu akaenda kwenye ubao akaanza kuchomoa. Alichomoa haraka, kama mtu anayetoa mwiba, vipande vya buluu vya asubuhi, kimoja kimoja, akivitia kwenye kiganja cha mwalimu wa taaluma, naye anasema, "Taratibu, Madamu, utanichania ratiba, taratibu." Mkono wa mwanangu ulisita kwenye kipande cha Jumatatu, kipindi cha kwanza, darasa la mtihani. Kisha akakichomoa nacho. Vilikuwa kumi na viwili.

Hapo hapo, kwenye kona ya meza ya mwalimu mkuu, aliandika barua nyingine. Nadhani ilikuwa na mistari sita. Sikupewa kuisoma.

Basi hivi ndivyo kumbukumbu zilivyo, na anayetaka kuhakikisha akaulize shuleni. Mwanangu ni mwalimu wa hisabati, mwenye vipindi kumi na vinane, kwa ombi lake mwenyewe, na mkataba wake unatazamwa upya kila muhula. Darasa la mtihani alilitoa; hakunyang'anywa. Katika faili lake kuna onyo moja la maandishi kwa sababu ya barua ya kwanza, na onyo hilo ni langu hata kama limeandikwa jina lake. Walimu sita nimewaandikia kila mmoja kuomba radhi, bila kumsomea mtu kwanza. Watano wamenijibu. Mwalimu wa sayansi bado.

Kabla ya kuandika haya nilimwuliza mwanangu, kwa kuwa nimejifunza kuuliza. Alikuwa anafunga kamba za raba, ilikuwa Jumanne. Akaniambia niandike ya barua, ya meza na nyundo, na ya ratiba, maana yameshajulikana vibaya na afadhali yajulikane vizuri. "Ya mtoto yaishie pale ulipoyafikisha," akasema. "Yanayofuata si yako."

Kwa hiyo wanaonisimamisha njiani kutaka kujua kama mjukuu wangu sasa anasema, na neno la kwanza lilikuwa lipi, na alimwambia nani, wasijisumbue. Sitasema.